Mizani ya Ghala la Kitangari

Msimu ulikuwa umekwisha, ghala limebaki na harufu ya magunia,
ndipo lori la halmashauri liliporudi kinyumenyume hadi mlangoni
likashusha watoto thelathini na mmoja.
Mimi ni karani wa chama cha msingi.
Nimezoea kuandika daraja la kwanza, daraja la pili, unyevu, makato.
Nikaambiwa: Kolumba, mwandiko wako unasomeka,
kaa hapa, weka kaboni, andika majina.

Nesi alisahau mizani yake Newala.
Tukawapima kwa ya korosho.
Wakapanda mmoja mmoja juu ya bamba la chuma, pekupeku,
wakisimama wima kama wanaopigwa picha.
Kilo kumi na mbili, miaka saba.
Nesi akasema, rudia. Nikarudia.
Mizani hii wakulima huituhumu kila mwaka kwamba inaiba.
Siku ile nami nilitamani iwe inaiba.

Nje, kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga,
watu walikuwa wamekwisha gawanyika.
Fundi Nambunga, mguu juu ya cherehani:
"Wake tisa, basi? Babu yangu alikuwa nao watano,
na mjukuu wake ndiye anayewapindia suruali mabwana hawa.
Leo Melkiadi. Kesho watakuja kuhesabu mito kitandani kwangu."
Somoe akatua sinia lake la ming'oko:
"Hesabu makaburi kwanza, wake utawakuta.
Surua ilipopita kule bondeni walifunga milango wakaimba.
Sita! Mmoja nilimfukia kwa jembe langu mwenyewe."
"Na serikali ilikuwa wapi?"
"Barabara ilikuwa mbovu."
"Leo imekuwa nzuri?"
Somoe akafungua mdomo, akaufunga,
akaanza kupanga ming'oko yake iliyokwisha pangwa.

Fomu ina mstari mmoja: Jina la Mama.
"Yupi?" akauliza Otmari, miaka tisa, pengo mbele.
Aliyekuzaa.
Akageuka kuwatazama wenzake,
kana kwamba nimemuuliza ni kijiko gani kilichomkuza.
"Mama Gaudensia alinizaa. Akaugua, Mama Fidea akaninyonyesha.
Mama Tekla ndiye anayenichapa."
Nikaandika wote watatu, herufi zikibanana hadi ukingoni.
Afisa ustawi, binti mpole, siku mbili hajalala,
akatoa wino mweupe, akafuta wawili.
"Mfumo haupokei," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa mvua.

Wa ishirini na sita aliitwa Benadeta.
Kilo thelathini na nne, miaka kumi na mitatu.
Mstari wa mama haukunisumbua.
Kilichonisumbua ni uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono.
Wa nini?
"Wa ahadi."
Ahadi kwa nani?
Akatazama chini, namba za mizani zikamcheza usoni.
Mdogo wake ndiye aliyejibu, kwa furaha, kama anayetaja sikukuu:
"Kwa baba yake Otmari. Tukishavuna ufuta."

Usiku mama zao walipanda kutoka bondeni kwa miguu.
Mgambo akawazuia getini. Hawakupiga kelele.
Waliita majina.
Kila jina liliitwa mara tisa, kwa sauti tisa,
na ghala zima likaitika, hata wadogo waliokuwa usingizini,
hata mimi nusura niitike.
Jina la Benadeta likaitwa.
Alikuwa macho, nilimwona kwa mwanga wa tochi,
kiganja kimefunika uzi.
Likaitwa tena, mara ya tano, ya nane.
Machozi yalimtoka. Hakuitika.

Asubuhi Fundi Nambunga akanishika bega:
"Wewe ulikuwa ndani. Tuamulie."
Somoe naye akasogea, na mwenye mashine akazima injini.
Nikawaambia, kilo kumi na mbili, miaka saba.
"Hilo si jibu," wakasema kwa pamoja,
mara ya kwanza kukubaliana tangu lori lilipofika.

Fomu zimepelekwa mkoani.
Nakala za kaboni ninazo, kwenye droo ya stakabadhi.
Huku wino mweupe haukufika.
Gaudensia, Fidea, Tekla,
kwa bluu hafifu, kwenye mstari mmoja.